Askofu Edward Steere na Mzigo wa Moyo

Kila Jumapili twaifungua Biblia ya Kiswahili bila kujiuliza ni nani waliotangulia kuyatafuta maneno yale. Sisi wa Singida tulipokea Injili kwa mkono wa wamisionari wa CMS waliopitia Mpwapwa na Dodoma, na kwa hiyo majina tunayoyakumbuka zaidi ni ya upande huo. Lakini Biblia ya Union, ile iliyotolewa mwaka 1952, ina mizizi miwili: mmoja uko Mombasa na wa pili uko Unguja. Aliyeupanda mzizi wa Unguja ni Askofu Edward Steere.

Nataka kusimulia maisha yake mwezi huu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni shukrani, kwa maana tumekula shambani mwake bila kumjua. Ya pili ni jinsi alivyofariki. Alikufa kwa kiharusi, ghafla, akiwa na umri wa miaka 54. Ugonjwa huo leo umeingia mpaka vijijini kwetu, nasi hatuuzungumzi ipasavyo.

Edward Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Baba yake alikuwa mwanasheria, na kijana akafuata njia hiyo hiyo. Alisoma katika Chuo Kikuu cha London, akapata digrii zake za sheria hadi ile ya udaktari, na mwaka 1850 akapokelewa kuwa wakili. Mbele yake palikuwa na maisha ya raha na heshima. Lakini moyo wake haukutulia katika kazi ile. Alijifunza kupiga chapa kwa mikono yake mwenyewe, akaanza kutumia muda wake kwa kazi za kanisa, na mwisho akaiacha sheria.

Hakufanikiwa mara moja. Alijaribu kuanzisha undugu wa watu wa sala na kazi za huruma katika mji wa Tamworth, lakini undugu ule haukudumu. Wengine wangalirudi mahakamani kwa aibu. Yeye alikubali kwamba jambo lile limeshindikana, akatafuta kazi nyingine katika shamba la Mungu. Mwaka 1856 aliwekwa wakfu kuwa shemasi, na mwaka 1858 kuwa kasisi. Mwaka huo wa 1858 alioa. Alihudumu Skegness, katika jimbo la Lincolnshire kando ya bahari, na baadaye akawa kasisi wa kijiji cha Little Steeping. Watu wa huko, wengi wao wakulima na wavuvi, walimpenda kwa sababu hakuona haya kukunja mikono ya shati na kufanya kazi.

Jirani yake katika huduma alikuwa kasisi mmoja aliyeitwa William Tozer. Wakati ule Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, iliyoanzishwa baada ya wito wa Dr. Livingstone, ilikuwa katika majonzi. Askofu wake wa kwanza, Charles Mackenzie, alikufa kwa homa katika nchi ya mto Shire mwezi wa Januari 1862. Tozer aliitwa kushika nafasi yake, na Steere akakubali kufuatana na rafiki yake. Walisafiri mwaka 1863, wakakaa kwanza karibu na Shire, wakaona kwamba mahali pale hapafai, na tarehe 31 Agosti 1864 wakashuka Unguja.

Unguja ya siku zile ilikuwa mlango wa bara lote. Njia ya misafara kutoka Tabora ilipita Mgunda Mkali, ikapita Ugogo, ikateremka mpaka Bagamoyo. Ndiyo kusema ilipita katika ardhi yetu hii. Pembe za ndovu zilipita hapa zikiwa mabegani mwa wapagazi, na watumwa walipita hapa wakiwa wamefungwa. Walioishi mpaka kufika pwani, wengi walivushwa bahari wakauzwa katika soko la Mkunazini. Basi mzee wetu wa zamani aliyepotea njiani, ambaye jina lake halikumbukwi tena katika ukoo, huenda alisimamishwa pale akatazamwa meno kama ng'ombe wa mnada.

Wamisionari walianza na wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa, waliokabidhiwa kwao na Sultani. Steere alikuwa mwalimu wao, nao wakawa walimu wake. Nasi tuliofundisha darasani twajua jambo hilo: mwalimu ajifunzaye kwa wanafunzi wake hafi njaa ya maarifa. Aliwauliza jina la kila kitu. Aliwauliza pia wenyeji wa mji, wasomi na watu wa kawaida, akaandika, akasahihisha, akauliza tena. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha kufundishia Kiswahili na kitabu cha hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja. Alikusanya pia maneno ya lugha nyingine za bara, na Kinyamwezi kikiwamo. Alipata mashine ya kupiga chapa, akawafundisha vijana wa misheni kupanga herufi, na karatasi za Kiswahili zikaanza kutoka mikononi mwa watoto waliokuwa watumwa jana.

Mwaka 1868 alirudi Uingereza, na kwa muda ilionekana kwamba kazi yake ya Afrika imekwisha. Lakini habari mbaya zilimfuata. Kipindupindu kiliua watu wengi Unguja mwaka 1869 na 1870. Mwezi wa Aprili 1872 tufani kubwa iliangusha minazi na mikarafuu na kuharibu majengo ya misheni. Afya ya Askofu Tozer ilivunjika, akaacha kazi mwaka 1873. Steere alikuwa amekwisha kurudi Unguja mwaka 1872, akakuta watenda kazi wachache sana, na mzigo wote ukawa mabegani mwake. Tarehe 24 Agosti 1874 aliwekwa wakfu London kuwa askofu.

Sasa tutazame mzigo wenyewe. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kuzuia biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la Mkunazini likafungwa. Kasisi Arthur West alinunua sehemu ya kiwanja kwa fedha zake, na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji, akatoa sehemu nyingine. Siku ya Krismasi ya mwaka huo huo liliwekwa jiwe la msingi la kanisa. Mwaka uliofuata West mwenyewe akafa. Steere akaendelea na ujenzi, akiwa ndiye askofu, ndiye msimamizi wa mafundi, ndiye mtunza hesabu. Paa lake la tao lilijengwa kwa matumbawe yaliyopondwa na saruji, na walikuwapo waliosema kwamba litaanguka. Halikuanguka. Kanisa lilifunguliwa Krismasi ya mwaka 1879, nalo lingali limesimama.

Ukienda pale leo utaonyeshwa nguzo fulani upande wa mlango wa magharibi. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha juu chini, askofu akiwa safarini. Zimebaki vile vile mpaka leo. Nimezifikiria sana nguzo hizo, na nitazirudia.

Wakati kanisa likijengwa, kulikuwa na kazi nyingine. Manowari za Kiingereza zilikamata majahazi na kuwaleta watu waliokombolewa, nao walihitaji chakula, nguo, makazi na kazi. Shamba la Mbweni lilipokea wengi. Shule ya Kiungani ililea vijana, na ndiyo ikawa chuo cha kuwaandaa walimu na wachungaji. Baadaye chuo hicho kilihamia Minaki, na walimu wengi wa nchi hii wana deni nacho. Mwaka 1875 Steere aliondoka Lindi akaenda kwa miguu mpaka Mwembe, mji wa Mataka wa Wayao, akitafuta njia ya kufika Nyasa. Mwaka 1876 alilipeleka kundi la waliokombolewa kurudi upande wa makwao, nao wakapanda kijiji Masasi. Huko Usambara kituo cha Magila kilikuwa kimefunguliwa upya. Mwaka 1879 alimweka John Swedi, mmoja wa wale wavulana watano wa kwanza, kuwa shemasi. Usiku, wengine walipolala, alikuwa na tafsiri. Agano Jipya lilikamilika angali hai. Agano la Kale lilimaliziwa na wenzake, na Biblia nzima ya Kiunguja ikatoka katika miaka ya 1890.

Hebu fikiri hali ya mtu huyo. Masasi iko mbali sana na Unguja, na habari za huko zilikuja kwa miguu. Shari ikitokea, askofu angeijua baada ya majuma. Wenzake walikufa kwa homa mmoja baada ya mwingine, na hakuna aliyejua kwamba homa ile huletwa na mbu, kwa maana jambo hilo halikuthibitishwa mpaka mwaka 1897. Fedha zilitegemea barua na michango ya watu walio ng'ambo. Kila kilichopelea, jina lililoitwa lilikuwa lake.

Jumapili tarehe 27 Agosti 1882 Edward Steere alikufa Unguja kwa kiharusi. Alizikwa nyuma ya altare ya kanisa alilolijenga.

Hapa yanipasa kuwa mwaminifu. Siwezi kusema kwamba mawazo ndiyo yaliyomwua. Hakuna ajuaye presha yake ilikuwa ngapi, kwa sababu hapakuwa na namna ya kuipima kama tupimavyo sasa. Kile kitambaa ambacho muuguzi hukufunga mkononi na kukijaza upepo kilitengenezwa na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896, miaka 14 baada ya mazishi ya Steere. Namna ya kusikiliza mshipa kwa chombo cha masikioni ilionyeshwa na Mrusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905. Kiharusi huja kwa sababu nyingi: urithi wa ukoo, chumvi, uzito, tumbaku, pombe, kisukari, umri. Lakini miongoni mwa sababu zinazoupandisha msukumo wa damu, wataalamu siku hizi hutaja pia namna mtu anavyofikiri, na hasa fikra inayozunguka bila kufika.

Sisi wafugaji tunalo neno zuri la kueleza jambo hilo. Ng'ombe hucheua. Alichokula mchana hukirudisha kinywani usiku, akatafuna tena, na hiyo ni neema kwake, maana ndivyo anavyopata nguvu na kutoa maziwa. Mwanadamu naye hucheua, lakini hucheua maneno: aliyoambiwa juzi, deni analodaiwa, mtoto asiyerudi, kesi ya kiwanja. Tofauti ni kwamba ng'ombe akicheua mara ya pili majani hulainika, bali mtu akicheua hofu mara ya mia, hofu huzidi kuwa ngumu.

Mwili nao hauna akili ya kutofautisha. Simba akitokea porini, mwili hutoa homoni zinazoufanya moyo upige kwa kasi na mishipa mingi ya damu ikaze, ili mtu akimbie au apigane. Hiyo ni zawadi ya Muumba. Simba akiisha kwenda zake, moyo hutulia. Lakini mtu anayemfikiria simba huyo kitandani, usiku wa manane, mwili wake hujiandaa tena kidogo kama kwamba simba yuko mlangoni. Mwaka 2006 watafiti watatu, Jos Brosschot wa Uholanzi pamoja na William Gerin na Julian Thayer wa Marekani, waliandika kwamba madhara ya matatizo hayatokani tu na saa ile tatizo linapotokea. Hutokana pia na muda mrefu wa kulisubiri kabla halijaja na kulirudia baada ya kupita. Vipimo vimeonyesha kwamba wakati wa fikra za namna hiyo moyo hupiga haraka zaidi na msukumo wa damu hupanda. Hali hiyo ikijirudia usiku kwa usiku, mwaka kwa mwaka, moyo haupati Sabato yake.

Uhusiano wa moyo na hisia ulionekana tangu zamani. Daktari mpasuaji John Hunter, mtu mashuhuri sana wa London, alikuwa na ugonjwa wa maumivu ya kifua, akajua kabisa kwamba hasira humletea maumivu hayo. Tarehe 16 Oktoba 1793, baada ya kubishana na wenzake katika mkutano wa hospitali yake, alitoka chumbani akaanguka akafa. Alikuwa daktari, alijua hatari yake, na bado alikwenda mkutanoni na hasira yake.

Msomaji asidhani kwamba haya ni magonjwa ya Wazungu. Kati ya mwaka 2003 na 2006 ulifanyika uchunguzi wa kiharusi wilayani Hai na katika mji wa Dar es Salaam, na ilionekana kwamba ugonjwa huu ni mkubwa kwetu, na katika Dar es Salaam kiasi chake kilikuwa miongoni mwa vikubwa duniani. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba watu wazima wapatao bilioni 1.28 wana presha ya juu, na karibu nusu yao hawajui kwamba wanayo. Hilo la kutojua ndilo linalotisha. Presha mara nyingi haiumi. Mtu hulima alizeti yake, huimba kwaya, huhudhuria vikao vya harusi, na ndani ya mishipa maji yanaendelea kula kingo za korongo.

Nina sababu ya kuyaandika haya. Nilipostaafu ualimu nilikaa muda mrefu nikisubiri haki zangu. Mchana nilikuwa mtu wa watu, nacheka, nashauri vijana. Usiku saa nane nilikuwa macho, nikipiga hesabu ile ile: kiasi gani kitakuja, lini kitakuja, nani nimwandikie barua, kwa nini fulani kapata nami sijapata. Nilifundisha hesabu miaka mingi, nami nakiri kwamba sijapata kuona hesabu iliyofanywa mara nyingi vile bila kupata jibu. Sikumwambia mtu. Nilikuwa mzee wa kanisa, na nilidhani mzee wa kanisa mwenye hofu ni aibu kwa Injili. Siku moja nilimsindikiza mama watoto zahanati, na muuguzi akanipima mimi pia kwa kuwa nilikuwa nimekaa bure. Ikaonekana 190 kwa 110. Ya mtu mzima yapasa kuwa chini ya 140 kwa 90, na iliyo nzuri zaidi ni 120 kwa 80. Muuguzi alinitazama kama mtu aliyetembea na moto mfukoni.

Mwenzangu niliyesoma naye chuo cha ualimu hakupata bahati ya kumsindikiza mtu. Yeye alikuwa amepimwa zamani, akapewa vidonge, akavimeza mwezi mmoja, akajiona mzima akaviacha. Tena aliombewa, akaambiwa aamini. Alianguka shambani wakati wa palizi. Tulimzika kwa nyimbo nzuri sana, lakini njiani kurudi nilijiuliza kama nyimbo zile hazikuwa mapambo juu ya uzembe wetu. Sala si adui wa kidonge. Aliyetupa sala ndiye aliyewapa watu akili ya kutengeneza dawa. Dawa ya presha ni ya kila siku, mtu ajione mzima au asijione, mpaka mganga aseme vingine.

Sasa nirudi Mkunazini, kwa zile nguzo. Katika jengo lililojengwa kwa miaka sita, kosa kama lile lingeweza kuwa jambo la kucheuliwa mpaka kufa. Nguzo zingeweza kung'olewa, mafundi wakafukuzwa, gharama ikaongezeka, ugomvi ukaingia. Zikaachwa zikisimama juu chini, na paa likaendelea kujengwa. Zimebeba uzito wake muda wa zaidi ya miaka 140. Sijui nguzo iliyosimama sawasawa ingefanya nini zaidi. Katika nyumba zetu ziko nguzo nyingi za namna hiyo: mkwe asiyekuwa tuliyemtaka, shamba lililogawanywa vibaya na marehemu, neno tulilolisema miaka 20 iliyopita. Haziko sawa, lakini nyumba inasimama. Zinatakiwa kuachwa.

Yako mengine katika maisha ya Steere yanayotufundisha. Alipoona kwamba undugu wa Tamworth umekufa, hakukaa matanga bila mwisho. Alipokuwa na swali la lugha, hakulizungusha peke yake kichwani, alikwenda kumwuliza mwenye lugha. Wasiwasi unaweza kugeuzwa kuwa kazi ukipewa hatua moja ya kufanya: barua moja, swali moja, ziara moja kwa mtu mwenye jibu. Usiopewa hatua hugeuka kuwa jiwe la kusagia linalozunguka bila nafaka, likajisaga lenyewe.

Lakini iko sehemu ya maisha yake ambayo sipendi tuiige bila kufikiri. Alibeba mno. Askofu, mjenzi, mpiga chapa, mfasiri, mlezi wa yatima, msafiri wa Nyasa, wote wamo katika mwili mmoja. Twawasifu watu wa namna hiyo mazishini, na wakiwa hai twawaongezea kamati. Katika mitaa yetu wako makatekista wanaohudumia makanisa matatu kwa baiskeli moja, na akina mama wanaolea wajukuu, wanauguza mume, tena wanafagia kanisa. Tukiwaona hawalali tusiseme wana roho ya kujitoa tu. Tuwapokee sehemu ya mzigo.

Tuangalie tena kilichotokea baada ya kifo chake. Mwezi wa Septemba 1882, majuma machache tu baada ya Steere kuzikwa, Masasi ilishambuliwa na Wangoni, watu wakauawa na wengine wakachukuliwa. Ndilo jambo ambalo askofu yeyote angeliogopa kuliko yote. Lilikuja naye hayupo. Kama alikesha usiku mwingi kwa ajili ya Masasi, kukesha kule hakukuizuia siku ile. Hata hivyo Kanisa la Masasi halikufa. Askofu Smythies aliwekwa wakfu mwaka 1883 akashika kazi, kijiji kikasimama tena, na mwaka 1926 Masasi ikawa dayosisi. Kazi ya Mungu ilipita juu ya kaburi la mtu aliyeonekana kuwa haiwezekani bila yeye. Hilo si dharau kwake. Nadhani lingekuwa pumziko kwake kama angaliliona.

Bwana wetu aliwafundisha wanafunzi juu ya ndege na maua akijua vema kwamba ndege hutafuta chakula chake tangu alfajiri. Hakuwafundisha uvivu. Aliwafundisha kwamba kesho ina Mwenyewe. Na nabii Eliya alipochoka hata akatamani kufa, Mungu hakuanza kwa kumkemea imani. Alimpa usingizi, mkate na maji, kisha ndipo akasema naye. Huo ndio utaratibu nitakaopenda tuufuate katika parokia yetu: mwili kwanza uangaliwe, na mtu asionewe haya.

Kwa hiyo nina ombi. Kila aliyefikisha miaka 40 aende zahanati apimwe presha, hata kama haumwi popote, na aliye kijana mwenye wazazi wenye presha naye aende. Anayemeza dawa asiache kwa kuwa anajisikia vizuri. Apunguze chumvi mezani, atembee kwa miguu, aache sigara na pombe. Na anayecheua usiku atafute mtu mmoja mwaminifu amwambie mchana, kwa maana neno lililosemwa kwa mwingine hupungua uzito. Mimi nilimwambia mama watoto, na nilikuta kwamba alikuwa akinisikia macho usiku wote huo, naye macho kwa ajili yangu. Tulikuwa wawili tunaobeba mzigo mmoja mara mbili. Haki zangu zilikuja mwaka uliofuata. Hazikuja upesi zaidi kwa sababu ya usingizi nilioupoteza.

Mwezi huu wa Agosti, tunapoisoma Biblia yetu kanisani, tumshukuru Mungu kwa ajili ya Edward Steere, aliyelala nyuma ya altare pale palipouzwa watu. Kisha turudi nyumbani tukalale na sisi.